Chuo Kikuu, Kifua Kikuu

Wagonjwa wawili wa TB ambao vijana wa rika langu wanawajua kwa majina hawakuwahi kuishi. Wa kwanza ni Satine, yule mrembo wa Moulin Rouge!, filamu ya Baz Luhrmann ya 2001. Anaimba, anapendwa, anakohoa damu, halafu anakata roho mikononi mwa mpenzi wake. Wa pili ni Arthur Morgan, jambazi wa Red Dead Redemption 2, gemu iliyotoka 2018. Ukipita kwenye vibanda vya PS pale Ukunda utakuta wengi wanacheza mpira tu. Lakini kila kibanda kina yule mtu mmoja aliyeimaliza hadithi ya Arthur, na ukimuuliza iliishaje atanyamaza kidogo kwanza.

Sasa angalia mwaka. Filamu inaanzia 1899. Gemu nayo inaanzia 1899. Paris huku, Marekani ya farasi na bunduki kule, lakini kalenda ni moja.

Mimi siuoni mwaka huo kama bahati tu. Robert Koch alitangaza kwamba TB inaletwa na bakteria tarehe 24 Machi 1882, ndiyo maana kila 24 Machi tunavalishwa fulana za Siku ya TB Duniani. Dawa ya kwanza ya kuiua bakteria hiyo, streptomaisini, haikupatikana hadi 1943. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miongo sita ambapo daktari alikuwa anamjua muuaji kwa jina na hana la kumfanya. Ukiweka hadithi yako hapo katikati, unapata kifo kisichokuwa na mwenye makosa. Hakuna dawa, hakuna wa kulaumiwa, basi tulie pamoja. Ni huzuni safi, haina risiti.

Sisi tunaishi upande wa pili wa dawa, na huku hadithi ni nyingine kabisa. Dawa ipo. Inaponya. Haiuzwi. Na bado TB inaua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.25 walikufa kwa TB mwaka 2023. Hao hawakufa kama Satine. Nataka kuuliza ni hadithi gani, katika hizi tunazotazama, kucheza na kusoma, inayojua kuwasimulia. Na si wao peke yao: hata waliopona, na nyumba walizoziacha au walizorudia.

Tuanze na maandishi yanayosomwa kuliko riwaya yoyote hapa Kwale: bango la zahanati. Ukiingia kituo cha afya chochote kuanzia Tiwi hadi Lunga Lunga utalikuta ukutani. Kuna picha ya mtu anayekohoa akiziba mdomo, kuna orodha ya dalili: kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kukonda, homa. Chini yake kuna ahadi mbili. TB inatibika. Matibabu ni bure.

Yote mawili ni kweli, na sina ugomvi na aliyeandika bango. Ana nafasi ya maneno ishirini, na ukuta wenyewe anagawana na malaria na chanjo. Ugomvi wangu ni na lile neno moja, bure. Neno hilo linazungumza na mgonjwa kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni akiwa peke yake, hana mke, hana mtoto, hana kodi ya chumba, hana mama anayemtegemea. Linahesabu tembe tu. Mwaka 2017 Kenya ilifanya utafiti wa gharama ambazo wagonjwa wa TB wanabeba wao wenyewe. Kipimo kilikuwa hiki: je, ugonjwa umekula zaidi ya asilimia 20 ya matumizi ya nyumba kwa mwaka? Kwa TB ya kawaida, nyumba zilizovuka mstari huo zilikuwa asilimia 26.5. Kwa TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, zilikuwa zaidi ya asilimia 86. Hizo ni nyumba zinazotibiwa bure. Pesa haikwenda kwenye tembe. Ilikwenda kwenye nauli, kwenye chakula, na kwenye siku ambazo mtu hakuenda kazini.

Kwetu ilikwenda hivi.

Mimi ni Mdigo, na kwa Wadigo mjomba si mtu mdogo. Zamani urithi ulipita kwake, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa. Dini na sheria zimebadilisha mengi, lakini ile hisia kwamba watoto wa dada ni mzigo wako imebaki. Mjomba wangu alikuwa na tuktuk ya mkopo, akipiga ruti ya Ukunda na Diani, na karo yangu ilitoka kwenye tuktuk hiyo, juu ya kile kidogo cha HELB. Kikohozi kilimwanza wakati wa mvua za masika, ule msimu ambao hoteli zinafunga milango, watalii hawapo na tuktuk zinapanga foleni ndefu stejini bila abiria. Nani ataacha kazi kwa ajili ya kikohozi msimu huo? Alinunua dawa ya maji kwenye duka la dawa. Akanunua nyingine. Akaambiwa ni vumbi la barabarani. Alipopelekewa makohozi kupimwa, ilikuwa imepita miezi mitatu na suruali zake zilikuwa zinashikiliwa na mkanda tu.

Matibabu yalianza: miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Hakulipia tembe hata moja, bango lilisema kweli. Lakini mtu aliyekonda vile hawezi kukaa juu ya tuktuk saa kumi na mbili. Mwezi wa pili wenye mkopo waliichukua. Na dawa zikishaanza kufanya kazi, mwili unadai ulichonyimwa. Mjomba aliyekuwa anasukuma sahani pembeni sasa anamaliza sima na kuomba tena, na mkaza mjomba anaangalia sufuria na watoto watatu. Akaanza kuuza viazi karai na bhajia jioni. Binti yao mkubwa, kidato cha pili, akawa ndiye anayemenya viazi, na muhula uliofuata hakurudi shule.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu. Hakuna aliyeniambia niache. Nilipiga hesabu mwenyewe. Nyumbani kulikuwa na vikuu viwili, chuo kikuu na kifua kikuu, na pesa ilitosha kimoja. Nikarudi Ukunda nikaanza kuandika kwa malipo: maelezo ya vyumba vya hoteli, maandishi ya mitandaoni ya watu wengine, na makala kama hii. Sijawahi kujuta. Lakini nilichokiona ni kwamba kwenye rejista ya hospitali mgonjwa alikuwa mmoja, na nyumbani tulikuwa saba.

Ndipo nikarudi kwa Arthur Morgan, na hapa nitasema jambo ambalo walimu wangu wa fasihi wangelikunjia uso: katika hadithi zote za TB nilizokutana nazo, iliyoikaribia zaidi ile nyumba ni gemu.

Kumbuka Arthur aliambukizwa vipi. Genge lake lina mkopeshaji, Leopold Strauss, anayewapa maskini pesa kwa riba ya kunyonga kisha anamtuma Arthur akadai. Mmoja wa wadaiwa ni mkulima aitwaye Thomas Downes. Anaumwa, hana kitu. Arthur anampiga mbele ya nyumba yake mwenyewe, na Downes anamkoholea damu usoni. Hapo ndipo TB inapohama, kwenye kudai deni. Downes anakufa. Na Arthur anarudi tena, kwa sababu deni halifi na mtu, linahamia kwa mjane. Baadaye, tukiwa tumeshasahau, tunakutana na mjane huyo, Edith, mjini Saint Denis akiuza mwili wake usiku. Mwanawe Archie tunamkuta ameajiriwa mgodini.

Wallahi waandishi wa gemu hii walijua kitu. Walijua kwamba TB na deni vinatembea njia moja. Walijua kwamba mgonjwa akishazikwa hadithi haijaisha, ina mke wa kuifuata na mtoto wa kuifuata. Yule kijana mgodini na yule binti wa mjomba mbele ya karai la viazi ni mhusika mmoja.

Lakini gemu nayo inamwacha mtu njiani. Edith na Archie wanatokea tena ili Arthur apate nafasi ya kutubu. Ukichagua, anawapa pesa waondoke waanze upya, na muziki unakwambia kwamba roho ya Arthur imetakasika. Halafu kamera inaondoka naye. Tunapanda naye mlima, tunatazama naye jua likichomoza, tunalia. Familia iliyofilisika imegeuzwa maji ya kumuogeshea shujaa. Edith anaandikiwa mateso mengi, na saa chache mno za kuwa mtu. Katika hadithi yenye mamia ya maili ya kupanda farasi, sikumbuki hata asubuhi moja tulipokaa na Edith akiamua leo watakula nini.

Moulin Rouge! haifiki hata hapo. Satine hana nyumba. Hana ndugu, hana deni dogo dogo la dukani, anaumwa ndani ya nguo za thamani. TB yake ni mapambo ya mapenzi. Hiyo ni desturi ya zamani: kabla yake kuna Mimì wa La bohème, opera ya Puccini ya 1896, na kabla ya Mimì kuna yule mwanamke wa maua ya kamelia wa Alexandre Dumas mwana, riwaya ya 1848. Wanawake weupe, wembamba, wanaokufa vizuri. Mtu aliyewahi kushika beseni wakati mgonjwa anakohoa usiku kucha hawezi kuandika hivyo.

Kuna neno ambalo ningependa waandishi wetu waliangalie kabla ya kuandika chochote. Difolta. Ukikopa kwenye simu ukashindwa kulipa, wewe ni difolta, jina linakwenda CRB. Kwa miaka mingi, ukianza dawa za TB ukakatiza, kwenye rejista uliandikwa neno hilo hilo. Ni neno la benki. Linasema umepewa kitu, umekikubali, umevunja ahadi. Halina nafasi ya kuandika kwamba siku ile hukuwa na nauli, au kwamba ulipata kibarua Shimoni na bosi hatoi ruhusa ya kwenda kliniki. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha kulitumia katika ufafanuzi wake rasmi, likasema sasa tuseme mgonjwa aliyepotea kwenye ufuatiliaji. Ni afadhali, maana sasa kuna uwezekano kwamba aliyempoteza ni mfumo. Lakini maneno hayafi kwa waraka, na difolta bado nalisikia.

Na neno linaweza kukufunga, si kwa mafumbo. Agosti 2010 huko Kapsabet, kaunti ya Nandi, wanaume wawili walikamatwa kwa kukatiza dawa za TB na mahakama ikaamuru wakae gereza miezi minane kwa kisingizio cha kutibiwa. Gereza, mahali ambapo watu wamebanana na hewa haitembei, ndipo palipochaguliwa kwa mgonjwa wa kifua. Walikaa siku 46 kabla ya kutolewa. Kesi iliendelea hadi Mahakama Kuu Nairobi, na tarehe 24 Machi 2016, Siku ya TB Duniani, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafungia gerezani kulivunja Katiba. Ile hukumu ni hadithi ya TB ya Kenya ambayo kila mwandishi wa hapa angeisoma. Ina mashujaa, ina dola, ina kichekesho cheusi. Lakini hata hapo, fikiria nani alilisha watoto hizo siku 46. Sheria inajua mshtakiwa na mlalamikaji. Haina kiti cha mke.

Sasa kitabu kipya. Machi 2025 John Green, yule wa The Fault in Our Stars, alitoa Everything Is Tuberculosis. Wengi wetu tulimjua Green shuleni kwa nakala zilizopigwa picha kwenye simu, kwa hiyo kitabu hiki kilizungumzwa sana mtandaoni kuliko kitabu chochote cha TB ninachokumbuka. Kinamfuata Henry, kijana ambaye Green alikutana naye 2019 katika hospitali ya Lakka nchini Sierra Leone. Green alimdhania ni mtoto wa miaka kama tisa, kumbe alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwili umedumaa kwa njaa na ugonjwa. Henry ana TB sugu. Kitabu kinaruka kutoka kwake hadi historia na kurudi kwake tena.

Nakiheshimu kitabu hiki kwa sababu moja kubwa. Hasira yake inaelekezwa mahali sahihi. Green haandiki kana kwamba bakteria ndiye adui peke yake. Anaandika bei, hataza, kiwanda, nani anaamua dawa iende wapi. Na hakuishia kuandika. Mwaka 2023 alikuwa kati ya waliowapigia kelele Johnson & Johnson kuhusu hataza ya bedakuilini, dawa ya TB sugu, na mwaka huo huo bei ya katriji ya kipimo cha GeneXpert ilishuka kutoka dola 9.98 hadi 7.97 baada ya kelele za aina hiyo. Huyo ni mwandishi aliyefanya sentensi zake zifanye kazi ya mikono.

Tena ana uungwana wa kutomcheka baba yake Henry, aliyemtoa mwanawe kwenye matibabu na kumpeleka kwa mwombezi. Hapa kwetu hadithi za mganga zinasimuliwa kwa kicheko na watu wa Nairobi. Lakini mganga yuko mtaa wa pili, milango yake iko wazi usiku, anakujua kwa ukoo wako na anakubali kulipwa polepole. Kliniki ina saa zake na foleni yake. Mtu akichagua aliye karibu, si lazima awe mjinga.

Lakini nikifunga kitabu cha Green nabaki na uso mmoja. Ni uso mzuri, wa kijana mcheshi anayeandika mashairi, na Green anakiri wazi kwamba alimpenda. Mama yake Henry yumo pia, na ni mtu, si kivuli. Ila hadithi inamrudia Henry kila mara, kwa sababu vitabu vya aina hii vinamhitaji mmoja wa kuokolewa. Henry anapona, anaingia chuo kikuu. Nilifurahi, wallahi. Pia niliona kwamba mlango aliouingilia ni ule ule niliotokea, kwa ugonjwa huo huo, na kwamba hakuna kitabu kinachojua kusimulia safari ya pili. Mimi sikuwahi kuugua. Nilipimwa mara mbili, niko mzima. Mtu kama mimi, au binti wa mjomba, hana nafasi katika ploti, kwa sababu hatuna kikohozi.

Na kuna saa ya kitabu hicho kutoka. Januari 2025, miezi miwili kabla, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ukiwemo mgao mkubwa wa kazi ya TB katika nchi kama zetu. Kitabu kinachowaomba Wamarekani wajali kikakuta serikali yao imefunga mfuko. Hilo si kosa la Green. Linaonyesha tu kwamba huruma ya msomaji wa mbali ni mshahara usiokuwa na mkataba.

Mwaka 1978 Susan Sontag, akiwa anatibiwa saratani, aliandika Illness as Metaphor. Alisema ugonjwa usigeuzwe sitiari: TB si mapenzi, saratani si hasira iliyofichwa, ni magonjwa tu. Namkubali juu ya Satine. Lakini huku Kwale sitiari si ndiyo iliyotuumiza. Hakuna aliyemwona mjomba kama mshairi anayeyeyuka. Kilichotuumiza kilikuwa kikombe.

Nyanya alimtengea mjomba kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, vikawekwa kwenye beseni la peke yake. Alifanya kwa upendo, kwa kulinda wajukuu. TB haiambukizwi kwa kikombe wala sahani. Inasafiri hewani mtu akikohoa, inapenda chumba kisicho na dirisha, na baada ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi mgonjwa wengi huwa hawaambukizi tena. Kile kikombe hakikumkinga mtu. Ambacho kingemkinga mtu ni dirisha, na nyumba ile ya kupanga, vyumba sita na ukumbi mmoja mrefu katikati, haikuwa na madirisha ya kutosha. Zamani Wazungu wenye TB walipelekwa milimani au baharini kufuata hewa. Kilomita chache kutoka chumba cha mjomba, watu wanalipa pesa nyingi kwa usiku mmoja kulala na upepo wa bahari ya Diani. Hewa ile ile. Tofauti ni ukuta.

Kikombe kilibaki pembeni hata mjomba alipotangazwa amepona. Hakuna aliyepitisha azimio. Kilikaa tu. Hiyo ndiyo nukta ambayo Sontag hakuifikia: unaweza kuiondoa sitiari ukabaki na beseni.

Najua mtu atasema nataka fasihi ifanye kazi ya mhasibu. Ndiyo, nataka, na kuna ushahidi kwamba kuiangalia nyumba kunabadilisha mambo. Kwa miaka mingi mtoto mwenye TB alipewa tembe za watu wazima. Mzazi alizivunja kwa kisu au kuzisaga, akakisia kiasi, akapambana na mtoto anayetema uchungu. Oktoba 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kusambaza kote nchini dawa za TB za watoto, zenye kipimo sahihi, ladha ya matunda, zinazoyeyuka kwenye maji. Aliyeunda dawa hiyo alilazimika kumwona mama jikoni na kisu chake. Huo ni usomaji mzuri kuliko filamu nyingi.

Linganisha na ushahidi wa matibabu yenyewe. Kabla ya miaka ya 1970, kutibu TB kulichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza, yakionyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha. Miili iliyothibitisha hilo ilikuwa ya wagonjwa wa kwetu, na dunia nzima ikafaidi. Lakini wagonjwa wale walilazwa hospitalini muda wote wa dawa. Kitanda kilikuwepo, sahani ililetwa. Kisha miezi sita ile ikapelekwa kwa mwenye tuktuk ya mkopo, na sahani haikusafiri nayo.

Kwa hiyo nikiletewa hadithi ya TB sasa, iwe riwaya, filamu au gemu, naipima kwa maswali ya kawaida kabisa. Nani anapika? Pesa ya jana ilitoka wapi? Nani ameacha shule, na alimwambia nani? Hadithi isiyoweza kujibu inaweza kuwa nzuri, inaweza kuniliza, lakini haijafika Ukunda.

Na isiishie kwenye kupona. Mjomba alipona. Kadi yake ya kliniki ilifungwa kwa neno hilo moja, na ni neno la kweli, tulishukuru. Leo anaendesha tuktuk ya mtu mwingine na kupeleka hesabu jioni. Mkaza mjomba bado yuko kwenye karai, maana biashara iliyoanza kwa dharura ndiyo inayolipa kodi. Binti yao ana miaka kumi na tisa na anasema mwakani atarudi kufanya mtihani kama mtahiniwa binafsi. Alisema hivyo mwaka jana pia. Kama kuna mwandishi anatafuta pa kuanzia, aanze na huyo.